Daftari la Yohana

Bwana asifiwe, watu wa Changamwe! Wengi wenu mlinizoea nikiwa na tarumbeta mdomoni. Leo nimekuja mikono mitupu, na nawaomba mnivumilie, kwa maana nitakayoyasema ni ya aibu, na mwenye aibu ni mimi.

Jina langu ni Elieza. Nimezaliwa hapa hapa, nyuma ya nyumba za reli. Tarumbeta nilijifunza shule ya misheni pamoja na rafiki yangu Yohana, mwana wa mjane mmoja wa Bofu, kule Likoni. Mwalimu wetu alitufundisha muziki kwa do-re-mi iliyoandikwa kwa herufi, kama nyinyi wa kwaya mnavyoimba. Zile noti za mistari mitano hakuna aliyetufundisha. Katika bendi ya shule mimi ndiye niliyekuwa wa mbele, Yohana akinifuata, wala hakuwahi kunung'unika. Nilidhani Mungu mwenyewe ndiye aliyetupanga hivyo.

Vita vile vya dunia vilipokwisha, sote wawili tulipata nafasi ya kusoma chuo kikuu kule Uganda. Ndugu zangu, tulikuta wanafunzi wana bendi ya jazi! Saksafoni, banjo, ngoma kubwa na ndogo, na vijana waliofunga tai. Mwili wote ulinisisimka. Kiongozi wao, mwanafunzi wa udaktari, alitupatia karatasi za muziki atujaribu. Zilikuwa za mistari mitano. Yohana alisema kweli, kwamba hazijui, ila apewe siku chache. Mimi nilisema nazijua. Nikaikodolea macho karatasi, nikawa naigeuza wengine wanapogeuza, huku sikio likimfuata mpigaji wa jirani. Sikio langu lilikuwa jepesi, nami nikajiona mjanja.

Yohana alitafuta kitabu cha noti, akawa anakaa nacho kila alasiri wenzake wakienda mpirani. Akapata daftari, akahamishia humo kila wimbo wa bendi kwa do-re-mi, kwa mwandiko mdogo uliopangika. Alilifungua mbele yake akapiga bila kukosea. Kiongozi akampa tarumbeta ya kwanza. Mimi nikawa wa pili.

Hapo ndipo wivu uliponiingia. Nilikula naye sahani moja, nikalala naye chumba kimoja, na moyoni sikumtakia mema. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu zangu, aliyekuwa nguoni mwa Yohana ni mimi.

Likizo ndefu ilipofika, bendi ikaalikwa kuja kupiga huku pwani, katika ukumbi ule wa karibu na stesheni. Baadhi yenu mlikuwepo. Kiongozi alikuwa ametunga wimbo mpya kwa safari hiyo, na katikati yake tarumbeta ya kwanza ilipaswa kusikika peke yake. Mama yake Yohana alivuka feri tangu asubuhi, amejitanda leso mpya, akaketi mstari wa mbele. Hakuwa amewahi kumsikia mwanawe akipiga na wasomi wenzake, na alikuwa akimwambia kila aliyeketi karibu kwamba yule pale ni wake.

Kabla hatujaanza kupiga, niliona daftari la Yohana juu ya kiti, nikalichukua. Sikusukumwa na mtu. Nililitia chini ya kitambaa cha ndani ya sanduku la tarumbeta yangu. Yohana akalitafuta kila mahali, kisha akaniuliza, "Elieza, ndugu yangu, hujaliona daftari langu?"

Nikamwambia sijaliona.

Zamu yake ilipofika, Yohana alisimama na karatasi ya mistari mitano, ambayo aliisoma polepole kama mtoto anayejifunza irabu, kwa kuwa wimbo hakuwa ameushika kichwani. Akapiga kidogo, akapotea. Akaanza tena, akapotea tena. Watu wakacheka. Ndipo mimi nikasimama nikaipiga sehemu ile yote, kwa kuwa nilikuwa nimeishika kwa sikio, kwa kumsikiliza yeye huyo huyo tukifanya mazoezi! Ukumbi ulipiga makofi. Mama yake naye alinipigia makofi, kwa adabu tu, macho yake yakiwa chini. Makofi ya mama yule bado nayasikia.

Yohana aliendelea na masomo, lakini bendi aliiacha na tarumbeta akaifungia. Nafasi yake nikapewa mimi. Ndugu zangu, sikuifaidi! Nyimbo mpya zilipokuja, sikuwa na mtu wa kumfuata kwa sikio. Nikaanza kunywa ili nipate ujasiri, nikazidi kuharibu, mwisho kiongozi akanitoa mbele ya wote. Pombe ikanifuata hadi darasani, na chuo kikanirudisha nyumbani. Mlioniona nikiyumba njia hii ya kanisani, nikiwatukana na watoto wenu wakisikia, mnisamehe.

Siku moja mwaka huu mama yangu aliniambia mende wameingia kwenye sanduku la tarumbeta. Nikabandua kitambaa, daftari likaanguka. Miaka yote ile sikuwa nimelifungua hata mara moja. Nikalifungua. Mbele zilikuwamo nyimbo zake. Kurasa za nyuma nikakuta ameandika kwa wino mwekundu, "Za Elieza." Ilikuwa sehemu yangu, ya tarumbeta ya pili, wimbo kwa wimbo, kwa do-re-mi, hadi ule wimbo mpya, ambao uliishia katikati. Yohana alijua kwamba siwezi kusoma. Hakumwambia mtu. Alikuwa akiniandikia, na nililiiba kabla hajamaliza.

Nilianguka sakafuni nikamlilia Yesu, na tangu siku hiyo pombe sijaionja. Hilo ni la Bwana, si la nguvu zangu. Nikavuka kwenda Bofu. Mama yake Yohana alikuwa uani akikuna nazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitolea kiti kama zamani, na wema huo uliniumiza kuliko fimbo. Yohana, ambaye sasa ni karani bandarini, akatoka. Nikapiga magoti nikawaeleza yote.

Mama aliacha kukuna. Yohana akaniinua. "Nimekusamehe, Elieza, na Mungu ni shahidi," akasema. "Lakini usiniambie nishike tarumbeta tena. Hamu yenyewe haipo."

Nikampa daftari lake. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati bila kulifungua.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye wivu na pombe. Nimesamehewa, na bado najuta. Yote mawili ni kweli. Wewe uliyeketi hapo, huenda nawe umeficha kitu cha ndugu yako chini ya kitambaa. Mwamini Yesu, hatakufukuza. Njoo kwake leo, kisha ukirudishe upesi, mwenyewe angali ana hamu ya kukifungua.