Dakika Kumi Nje ya Mlango

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitika, lakini nimehesabu midomo na kuna iliyobaki imefungwa. Bwana asifiwe! Sasa imetimia.

Mnanijua. Nauza nyanya pale Kondele, na kila kitu nahesabu mara mbili, hata baraka. Binti yangu ameniruhusu kutoa ushuhuda huu kwa masharti: nisitaje jina lake, na nisilie mbele ya vijana. Nilijaribu kupunguza hilo la pili, akakataa. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye, kwa hiyo jina lake ni siri ya kanisa zima.

Ndugu zangu, mtoto huyu wa miaka kumi na minne alianza kuumwa tumbo. Tumbo la shule, tumbo la Jumapili, tumbo la kila siku. Nikampa uji, nikampa maombi, nikampa na lawama, na hizo ndizo nilizopima kwa ukarimu. Mwishowe nikampeleka kliniki ya watoto, karibu na kwetu Migosi.

Daktari, mama kijana mpole, akamuuliza mtoto kama analala vizuri. Nikajibu analala. Akamuuliza chakula. Nikajibu anachagua. Akamuuliza marafiki. Nikajibu ni wengi, na nusu yao sitaki kuwaona. Daktari akaweka kalamu chini, akaniomba nitoke kidogo. Watoto wa umri huo, akasema, huongea nao wote bila mzazi.

Mimi kutolewa nje! Nikauliza kwa muda gani. Dakika kumi. Nikasema mbili. Akasema kumi. Nikapanda hadi tano, kisha nikageuka kama ninayeondoka, ile mbinu yetu ya sokoni. Ndugu zangu, aliniacha niondoke! Akafunga mlango polepole.

Nje nilihesabu benchi: nne. Nikahesabu tena: nne.

Niliporudi, mtoto alikuwa analia bila sauti. Daktari akamwomba ruhusa, kisha akaniambia kwamba alimuuliza wazi kama amewahi kufikiria kujiua, naye akasema ndiyo. Tangu muhula uliopita.

Nikaanza kupunguza bei. Labda amechoka tu. Labda ni utoto. Kisha nikamkemea daktari, kwa nini amwekee mtoto neno kama hilo kichwani.

"Neno lilikuwemo, Mama," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa peke yake nalo."

Nikamgeukia binti yangu.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Lakini hata hilo ungenijibia."

Ndugu zangu, hapo niliishiwa bei.

Hatukutoka pale mpaka tumeandika karatasi: mawazo yakianza afanye nini, ampigie nani. Wa kwanza shangazi yake wa Kisian, wa pili mimi. Nililalamikia nafasi ya pili, hakuna aliyenisikiliza. Nikaambiwa dawa zote na kila kitu cha hatari nyumbani vifungiwe mbali naye. Kazi hiyo niliumbiwa! Nilihesabu mara mbili, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni. Tukapewa siku ya kumwona mshauri, na mpaka leo tunarudi.

Ngumu ilikuwa kazi nyingine: kuuliza, kisha kunyamaza. Mara ya kwanza niliuliza nikiangalia sufuria, kama mawazo yale yamekuja leo. Akasema kidogo. Nikauma ulimi. Akaendelea mwenyewe, akaongea mpaka ugali ukaungua. Namshukuru Mungu kwa ugali ule!

Msidhani imani ilipungua. Mchungaji mwenyewe aliniombea, kisha akaniuliza siku ya kliniki ni lini. Nilimlilia Mungu anifungulie mlango, akanijibu kwa kuufunga mimi nikiwa nje.

Mzazi, daktari akikuomba utoke, toka. Usipatane bei. Na ukifika nyumbani leo, muulize mtoto wako wazi, kisha nyamaza. Na wewe kijana, ukiwa umebeba neno hilo peke yako, mwambie mtu leo. Sikio la kwanza likiwa limejaa maneno yake lenyewe, kama langu, nenda kwa la pili. Mtumaini Mungu, ana masikio mengi mjini hapa.

Asubuhi hii kabla ya kufunga mlango nilihesabu watu wa nyumba yangu. Wawili. Nikahesabu tena. Wawili!

Sijalia, mwanangu. Hili ni jasho.