Laini ya Saa Kumi

Kijiwe chetu kiko Lurambi, mahali njia ya udongo inapokutana na barabara ya lami iendayo mjini Kakamega. Benchi tunalokalia ni nguzo ya simu iliyoangushwa na upepo zamani. Wenyewe hawakuja kuichukua, nasi tukaona si vizuri ilale bure. Tuliipandisha juu ya mawe, na sasa imesuguliwa na makalio ya watu wazima mpaka inang'aa. Osundwa, Mwislamu wa Mumias, hutupikia hapo kahawa ya tangawizi. Wengine wana majina ya kijiweni, lakini mimi napenda mtu aitwe kama alivyoandikwa. Anayeitwa Injinia ni Elphas Khaemba, ambaye aliwahi kutengeneza tochi yake mwenyewe. Wakili ni Josphat Andati. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga madirisha ya mahakama mpaka alipostaafu. Na Saa Kumi ni Hezekiah Osiako. Kila Jumamosi, kabla ya saa kumi, huvuka njia na kuingia nyumbani kwake, pale ng'ambo, kungoja simu ya dada yake mkubwa. Jumamosi hii hakutaka hata kuketi. Alisimama mbele yetu akiwa na utando wa buibui kwenye nywele na kitambaa cheusi mkononi.

— Simu yangu imekufa, alisema.

— Pole sana, mzee, Andati akajibu. Ilikuwa imelazwa?

— Andati, leo sina nafasi ya mchezo. Nasambu atapiga saa kumi. Asiponipata, mnajua atakachofanya.

Tulijua. Mwaka juzi Hezekiah alikwenda kung'olewa jino siku ya Jumamosi, simu ikalia katika nyumba tupu. Asubuhi yake lori liliingia kutoka Mautuma: Nasambu mbele kando ya dereva, ukoo mzima nyuma, pamoja na magunia ya mahindi, masufuria ya matanga na mhubiri. Hezekiah aliwafungulia mlango shavu likiwa limevimba. Mhubiri alikuwa amejitayarisha vizuri, kwa hiyo akahubiri hivyo hivyo, marehemu akiwa ameketi mbele yake. Walikaa mpaka mahindi yakaisha.

— Si umpigie wewe, Osundwa akasema, akitoa simu yake mfukoni. Chukua hii.

— Hashikangi namba asiyoijua. Anasema sauti yangu ikitoka kwa namba ngeni, huyo ni tapeli ameisomea. Na simu za mkononi hazitaki kabisa. Simu inayotembea inadanganya, ndivyo asemavyo. Mtu yuko baa, anakwambia yuko kanisani. Lakini simu ya nyumba ikilia na ikainuliwa, basi mtu yuko nyumbani na yuko hai.

— Huyo mama ana akili, Osundwa akasema, akairudisha simu mfukoni kama mtu aliyeaibishwa nayo.

— Kampuni wamesemaje? Andati akauliza.

— Nimeongea na msichana wao kwa simu ya jirani. Msichana mwenye adabu. Ameniambia nitoe laini, niipanguse kwa kitambaa kikavu, halafu niirudishe.

— Na ukafanya hivyo?

— Nilipanda ngazi. Nimeipangusa kuanzia pale inapotokea ukutani mpaka mwisho wa mkono wangu. Kuitoa ndiko kumenishinda. Imepigiliwa misumari.

Alitandaza kitambaa tukione. Asubuhi kilikuwa cheupe, alisema.

— Raini ndefu kama ile, Khaemba akasema, hauwezi maliza na kitambaa kimoja. Hapo unataka shuka.

— Shida yangu si kitambaa. Shida yangu ni fundi. Msichana amesema laini ikikataa atamtuma fundi. Fundi akikuta kosa liko ndani ya nyumba, gharama ya safari yake ni juu yangu. Akikuta liko nje, ni juu ya kampuni.

Andati akaweka kikombe chini. Hapo ndipo kijiwe kilipochemka kuliko birika.

— Ngoja kwanza. Ndani inaanzia wapi?

— Mlangoni.

— Nani alikuambia? Kwa sheria, nyumba inaishia mahali maji ya paa yanapodondokea. Kesi hiyo niliisikia mwenyewe, nikiwa dirishani. Sasa, huo waya umepita chini ya paa?

— Umepita chini ya paa.

— Basi uko ndani.

— Kwa hivyo nitalipa.

— Kwa hivyo utakata paa.

Hezekiah aliligeukia paa lake na kulitazama kwa muda. Nilimwogopea, kwa maana ni mtu wa kufuata sheria.

— Wakili, wacha mabati ya watu, Khaemba akasema. Nyinyi hamjui umeme. Hapo kosa ni maji. Hii mvua ya Kakamega inanyeshanga kila alasiri, sivyo? Na waya uko na tundu katikati, kama mrija wa kunywea busaa. Maji yameingia pole pole. Haba na haba hujaza kibaba. Saa hii sauti ya dada yako inatoka Mautuma vizuri, ikifika hapa kwetu inaanza kuogelea.

— Nasambu hajui kuogelea, Hezekiah alisema.

— Sasa unaona.

— Si maji, Osundwa akasema. Ni nguo. Mimi niko hapa kutwa, naonanga. Yule jirani yako Michelle anaanikanga kwa huo waya. Mablanketi, mashuka, sare za watoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali si ya nguo za kuanika, Andati akamwambia.

— Nguo ni nguo, Wakili.

— Lakini umenipa kitu. Michelle anakaa nje ya nyumba ya Saa Kumi, ama anakaa ndani?

— Nje, bila shaka, Hezekiah akajibu haraka, maana amefiwa na mke na watu husema.

— Basi kosa liko nje. Tumeshinda.

— Hamjashinda, Khaemba akasema. Fundi ataleta kile chombo chake cha kupima. Akikuta kosa limelala kwa ukuta, mtamwambia nini, mashuka? Sikilizeni mimi. Kosa la waya liko kama panya. Ukigonga ndani linakimbia nje. Tunachukua mchi, tunapiga ukuta kuanzia chumbani, tunalifukuza pole pole mpaka kwa nguzo. Fundi analikuta huko, anaandika nje, tunamwaga kwaheri.

— Na likirudi? Hezekiah akauliza.

— Tunaziba tundu na ugali baridi. Ukikauka ule, hata panya mwenyewe hapiti.

— Kwa nini tusumbue ukuta? Osundwa alikuwa amesimama sasa, ameshika kisu chake cha kukatia tangawizi. Tukate hapa nje, mara moja. Fundi anakuja, anaona waya umekatika barabarani, anauliza nini tena? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Waya uko juu, Osundwa.

— Atainama kwanza, halafu apande.

Andati alinyoosha mkono kama alivyowaona mahakimu wakifanya. Alisema kukata mali ya kampuni ni jela, na hakimu hatauliza kama ulikuwa unamngoja dada. Kisha akateremsha sauti. Upepo, hata hivyo, haujawahi kufungwa. Kama watu wazima wanne wangeshika nguzo iliyo karibu na ua wa Michelle na kuitingisha vizuri, waya ungekatika wenyewe, na kila mtu Lurambi anajua upepo wa huku ulivyo.

— Angalieni hata hili benchi, alisema. Nani alishtakiwa?

Hoja hiyo ilitumaliza. Khaemba alikwenda kuileta ngazi. Osundwa alifunika birika. Hezekiah alikuwa akisema ngojeni, ngojeni, lakini alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. Hata mimi nilisimama, nami si mtu wa kusimama.

Wakati huo akafika mwanamke mwenye thamosi, akaketi peke yake kwenye benchi tuliloacha. Jina lake ni Jescah Nekesa, mpangaji mpya aliyehamia kwetu kutoka Matungu. Alikuwa anataka kahawa, na aliyepaswa kumpa kahawa alikuwa ameshika kisu akiangalia mbinguni.

— Habari zenu, wazee. Mnatafuta nini huko juu?

— Laini, mama, Andati akamjibu. Mambo ya kiufundi.

Jescah akaangalia nasi, kwa adabu tu. Akaufuata waya kwa macho kutoka ukuta wa Hezekiah mpaka nguzo ya karibu na ua wa Michelle, ambapo mashuka mawili yalikuwa yakipepea.

— Nauliza tu, alisema. Ukitoka kwa nguzo ile, unaenda nguzo gani?

Tuliangalia. Waya ulifika kwenye ile nguzo, ukajizungusha mara moja, na ncha yake ikaning'inia kama mkia wa mbuzi. Baada ya hapo palikuwa na hewa tupu. Khaemba aliifuata ile hewa polepole, kwa kidole, akipima mahali nguzo ya pili ingesimama. Kidole kikavuka njia, kikashuka, kikatua kwenye sketi ya Jescah.

— Mama, alisema, hebu simama kidogo.

Jescah akasimama. Sote tukalitazama benchi.

— Tumekalia laini, Andati akasema.

— Miaka yote hii, akasema Osundwa.

— Lakini Jumamosi iliyopita iliita, Hezekiah akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona jambo la kaburini. Nilizungumza na Nasambu. Alinisalimia, akaniuliza kama nimekula. Alipitia wapi?

Alivuka njia bila kuangalia bodaboda. Tulisikia kabati likiburutwa ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa ameikumbatia simu yake ya mezani kwa mikono miwili, bado imevaa kitambaa chake cha kufuma, na nyuma yake ulining'inia waya mfupi wenye plagi ya stima.

— Huu tu, alisema. Nyuma ya kabati hakuna kingine. Nilipolazwa Iguhu, watu wa kampuni walikuja, Wendy mke wa mwanangu akawapokea. Nilikuta simu mpya, namba ile ile. Nilidhani wamebadilisha sanduku lake tu.

Khaemba aliipindua. Chini palikuwa na betri na kifuniko kidogo. Alikifungua kwa ukucha, na humo ndani mlikuwa na kadi ndogo isiyozidi punje ya hindi.

— Hii ndiyo raini, alisema. Kama ya simu yangu. Toa, pangusa, rudisha.

Hezekiah alichukua kile kitambaa chake, akatafuta pembe iliyobaki nyeupe, akaipangusa kadi kwa utaratibu kama mtu anayepangusa jicho la mtoto, akairudisha. Kutoka msikitini adhana ya alasiri ilikuwa ikimalizika. Osundwa alipaswa kuondoka. Hakuondoka.

Simu ikalia juu ya benchi.

Tulipiga kelele sote. Khaemba alimkumbatia Andati, ambaye hawajawahi kukubaliana naye hata juu ya siku ya juma. Jescah alikuwa anacheka mpaka thamosi ikamponyoka. Hezekiah aliinua mkono wa simu, na kwa kuwa Nasambu huzungumza kwa nguvu za kutosha kutoka Mautuma bila simu, sote tulimsikia.

— Hezekiah.

— Ni mimi, dada.

— Uko nyumbani?

Hezekiah hajui kusema uongo. Aliitazama nyumba yake ng'ambo ya njia, akaitazama simu juu ya benchi.

— Simu ya nyumba iko hapa, na mimi niko hapa.

— Mbona nasikia wanaume wanapiga nduru? Nani amekufa?

— Hakuna mtu, dada. Ni laini. Laini ndiyo ilikuwa imekufa.

— Raini, Nasambu akasema polepole. Maskini. Huyo Raini ni mtoto wa nani?

Hezekiah alifunika simu kwa kiganja, akatuangalia mmoja mmoja. Osundwa aliinamisha birika juu ya kikombe chake, halikutoa tone. Na chini ya kiganja cha Hezekiah tulisikia sauti ndogo, ya mbali, ikimwambia mjukuu wake Abigail aende mbio kumwuliza mwenye lori kama ana mafuta.