Mikono ya Mkandaji wa Kiwalani

Ndani ya basi la mwendokasi, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia jirani yake habari za mkandaji wa Kiwalani. "Haminyi kwa nguvu. Anaweka viganja kiunoni, anasubiri mpaka nyama ilegee. Mie nimelala kifudifudi, mara namsikia yuko nje anaongea na muuza mkaa. Na mikono bado iko mgongoni kwangu."

"Si mikono ya msaidizi wake hiyo," jirani akasema.

"Anaishi peke yake."

"Basi ulisinzia, mama." Nilikubaliana naye kimoyomoyo; mie mwenyewe husinzia nikikandwa.

"Wiki nzima nasinzia? Mgongo umepona, ila mikono haijaniachia."

Basi likasimama Manzese, mama akainuka kushuka. Pale kiunoni blauzi yake ilibonyea taratibu, pande zote mbili, ikasubiri.