Jenoveva Anaondoka, Tanuri la Rangwi Linabaki

Mimi Nathanaeli, mchanja kuni, nina miaka sabini na tisa. Nimezika punda wawili na daktari aliyenikataza ugoro. Kwa hiyo nikisema kitu, nimekiona. Jenoveva, mama Evelina, ameoka mikate katika jiko la akina mama hapa Rangwi miaka thelathini na moja, na tarehe 30 Juni anastaafu.

Alipokuja alitukuta wawili: tanuri la matofali na mimi. Wote wagumu.

Yeye hupima moto kwa shavu. Husogeza uso kwenye mdomo wa tanuri. Shavu likikimbia, mikate inaingia. Likivumilia, anadai kuni. Anasema tofali la moto humpa joto aliye baridi, na tofauti yao ikiwa kubwa, linampa kwa fujo. Wakilingana, wanatazamana tu kama wachumba wenye haya.

Mwaka jana, siku ya kipaimara, mvua ililowesha kuni zote. Tanuri likatoa moshi, kuta zikawa vuguvugu. Mikate ya karamu imeshaumuka, wageni wako njiani kutoka Lushoto. Husna, anayekanda naye unga, akasema tuiingize hivyo hivyo, ikae sana, itaiva.

"Itakauka kabla haijaiva," Jenoveva akamjibu. "Ukuta huu na donge hili hawajapishana joto. Nani atampa mwenzake?" Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, lete zile kuni kavu za mti wa muwati ulizoficha chini ya kitanda."

Nikasema hazipo.

"Haya, wageni watakula maneno yako. Hayo ni makavu."

Nikazileta. Kuni zangu, bwana, ukizigonga zinalia kama kengele! Dari ya tanuri ikawaka hadi masizi yakaungua, ikabaki nyeupe. Akazoa majivu, mikate ikaingia, ikatoka na rangi yake. Watu wakamsifu yeye. Kuni zilikuwa za nani?

Sasa anahamia Mazinde kwa binti yake Evelina, huko chini ambako hata mbuzi anatafuta kivuli. Atampasha nani? Mimi na yeye tulikuwa moto sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake neno la mwisho.

Juzi alishinda kliniki kutwa nzima. Tanuri liliwaka vilevile, kuni zilezile. Nikavaa koti.

Asante, mama Evelina. Nenda salama, magoti yako yapone, na Mazinde ikikuchosha, njia ya kupanda unaijua. Anayebisha amuulize Husna. Koti aliliona.