Bisimwa Cirimwami, Aliyeziamsha Kaseti za Kampala (1961–2014)

Mtu wa kwanza kunitajia marehemu alikuwa Safinah, aliyekuwa na meza ya kaseti pale Nakivubo, mjini Kampala. Wala hakuwa akimsifu. Alikuwa akinirudishia mzigo. Ilikuwa Agosti 1990, nami nilikuwa nikileta kaseti halisi kutoka Nairobi na kuziuza kwa jumla.

“Nyongesa, kaseti zako zina usingizi,” akaniambia. “Watu wanasema ni za bandia. Za yule Mkongo wa Kisenyi ndizo zenye uhai.”

Za bandia, zangu! Nilikwenda Kisenyi siku hiyo hiyo nikiwa na maneno makali ya kutosha. Nilimkuta Bisimwa nyuma ya gereji, kichumba kimejaa mashine, jenereta inakohoa mlangoni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, “Ndugu, kaa. Juu ya nini unanikasirikia? Ukasirikie jenereta yangu ya kwanza.”

Akanieleza. Santuri alizocheza zilipata umeme wa betri ya gari, lakini mashine ya kurekodia ilitegemea jenereta, na ile ya kwanza ilikuwa mvivu, hivyo tepu ilizunguka polepole. Kitu ukikirekodi polepole, ukija kukicheza kwa mwendo wa kawaida kinakimbia na sauti inapanda. Ndiyo maana Kampala nzima ilikuwa imezoea nyimbo zilizochangamka kidogo kuliko zilivyoimbwa. Mwanzoni ilikuwa ajali tu. Aliponunua jenereta nzuri wateja walilalamika, basi akaufunga ule uvivu kwenye mashine kwa skrubu.

“Kwa hiyo unawadanganya watu,” nikasema.

“Basi wadanganyifu ni wengi,” akacheka, akatoa santuri za roki alizonunua kwa padri mmoja Mbelgiji. “Hawa wazungu hawakungoja jenereta mbovu. Walipunguza mwendo wa tepu makusudi, mtu akapiga gitaa taratibu, kisha wakaurudisha, gitaa likalia kama kengele. Wengine walifanya kinyume: wakapiga ngoma kwa mwendo wa juu, wakaushusha, ikawa nzito kama mlango wa ghala. Sikiliza.”

Nilisikiliza. Nilitoka pale nikiwa nimekubaliana naye kwamba mimi nitaleta kaseti, yeye ataziamsha, na faida ni nusu kwa nusu. Nilimwanzia chini zaidi ya hapo. Hakusogea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mtaani Kadutu, Bukavu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Cirimwami, fundi seremala, na mkewe M'Bisimwa. Alisoma shule ya msingi na ya ufundi huko huko Bukavu, akahitimu umeme mwaka 1981. Walimu wake walimkumbuka kwa sababu alifungua redio ya mkuu wa shule bila kuombwa. Ilikuwa haijaharibika. Alifanya kazi ya kurekebisha mitambo Bukavu na Goma, na mwaka 1989 akaingia Uganda kupitia Bunagana, mashine ya tepu ikiwa imefungwa ndani ya godoro.

Kisenyi palimpa kazi, na kazi ikampa marafiki. Oloo, mpiga gitaa wa baa moja pale Kansanga, alikuwa akivunja nyuzi kila wiki akijaribu kuzifuata zile nyimbo za roki. “Gitaa langu lina pepo,” alilalamika. “Nikikaza limepita, nikilegeza halijafika.” Marehemu alimwambia gitaa ni zima, ni wenye wimbo walioupandisha baada ya kupiga. Akamshushia tepu hadi ikalingana na gitaa, na tangu hapo Oloo hakununua nyuzi isipokuwa zilipochakaa.

Kaseti zilipelekwa Kisenyi na dada yangu mdogo, Rosebella. Baada ya muda nikaona kwamba safari ya dakika chache inamchukua mchana mzima, na anarudi akicheka peke yake. Mimi si mtu wa kuzungukwa. Nilimwita Bisimwa nikamuuliza, naye hakukana.

“Sina neno na wewe,” nikamwambia. “Lakini kwetu Wabukusu mtu hajiombei mke. Nani atakusemea?”

Baba yake alikuwa na miguu mibovu, na barabara za Kivu mwaka ule wa 1995 zilikuwa zimejaa wakimbizi. Baba yetu mdogo, Mzee Nalianya, alikuwa anakuja kutoka Bungoma na wazee wengine kusikiliza posa. Nilijua wazi kwamba wakirudi bila kumsikia mzazi wa kijana, hawatakuja mara ya pili. Rosebella alijua hivyo pia, akaacha kula vizuri.

Jumamosi tarehe 22 Aprili, sebuleni kwangu Kansanga, Bisimwa aliingia na mashine yake, Mama Huguette akimfuata. Huyu mama ni muuza vitenge wa Kisenyi aliyekuwa jirani wa Mzee Cirimwami kule Kadutu. Bisimwa aliweka mezani kaseti iliyoletwa na mfanyabiashara kutoka Bukavu. “Baba yangu amekuja kwa sauti,” akasema, akabonyeza.

Kikatoka kisauti cha mtoto mchanga, kinasalimu wazee kwa heshima zote.

“Huyu ndiye baba?” Mzee Nalianya akauliza. “Ameshaachishwa kunyonya?”

Sebule ikaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Alichukua kofia yake. Rosebella, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akashika mkono wa mama yetu.

“Baba, ngoja,” Bisimwa akasema. “Betri za redio yao zilikuwa zinakufa. Ilirekodi ikilala, ndiyo maana hapa inakimbia. Mashine hii inaweza kumshusha.”

“Inaweza kumshusha hadi wapi?”

“Popote.”

“Hata ukitaka baba yako awe na sauti ya askofu?”

“Inaweza.”

Nilifunga macho. Katika maisha yangu ya biashara sijapata kuona mtu akijiharibia bei namna ile. Lakini alikuwa hajamaliza. “Ndiyo maana si mimi nitakayesema pa kusimama. Ni Mama Huguette. Anamjua muzee kuliko mimi. Wamegombana miaka mingi.”

Mama Huguette akageuzwa kuelekea ukutani. Bisimwa akaanza kuzungusha kidude cha mwendo.

“Bado. Huyo ni mutoto. Bado. Huyo ni mudogo wake wa Uvira. Shusha... ah, umemupitisha, huyu sasa amekufa! Mupandishe kidogo. Hapo! Hapo!” Akapiga kofi. “Huyo ndiye alifukuza mbuzi wangu na randa mukononi! Muzee, bado unaishi?”

Mzee Nalianya akaweka kofia chini.

Kazi haikuishia hapo, maana kule Bukavu betri ziliendelea kufa, kwa hiyo hapa kwetu sauti iliendelea kupanda. Kwa hotuba nzima Bisimwa hakuondoa kidole, na mama wa watu akawa anaita, “Anapanda, mushushe!” Mzee Cirimwami alitaja baba zake mmoja mmoja, akamwombea mwanawe mke, akataja ng'ombe atakaowatoa, akasema hana zaidi.

“Mwambie aongeze,” Mzee Nalianya akasema.

“Baba, ni kaseti.”

“Basi irudishe nyuma. Pengine atafikiri tena.”

Ikarudishwa. Mzee Cirimwami akasema yale yale, kwa idadi ile ile. Mzee Nalianya alitikisa kichwa akasema, “Mtu mgumu huyu. Nampenda.” Akadai kurekodi jibu upande wa pili, akazungumza mpaka tepu ikaisha, na kwanza alidai betri mpya, asije naye akasikika mtoto.

Bisimwa na Rosebella walifunga ndoa kanisani Kansanga tarehe 2 Desemba 1995. Mzee Cirimwami alifariki mwaka uliofuata, vita vilipofika Bukavu, bila kumwona mkwewe. Jibu letu alikuwa amelisikia. Walituandikia kwamba aliwaalika majirani wote waje kulisikiliza.

CD zilipoingia marehemu hakulia. Aliuza mashine alizoweza, akaanza kurekodi kwaya za makanisa ya Wakongo na Wakenya mjini. Kwaya ya akina mama waliozeeka ilimwendea kuliko zote, kwa kuwa aliwarekodi chini, palipowafaa, kisha akawapandisha hadi ujanani. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka 2012 aligunduliwa ana kisukari, na mwaka jana figo zikaanza kushindwa. Wodini aliwaambia wauguzi kwamba mashine ya kitanda cha pili inalia juu kidogo kuliko ya kwake, akaomba wazilinganishe ili wagonjwa walale. Walimcheka, kisha wakazilinganisha. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2014, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa naye.

Ameacha mjane, Rosebella. Watoto watatu, Benedicte, Bénit na Nakhisa. Kaka wawili wanaoishi Bukavu, ambao wamefika salama na wako hapa mbele yetu. Mama Huguette, ambaye bado anazungumzia yule mbuzi. Na Oloo, atakayetupigia gitaa tukimaliza.

Niseme waliopata na waliopoteza. Nyumba ya Cirimwami ilipoteza mtoto ugenini, ikapata wajukuu wanaoweza kutaja babu zao wa Bukavu kwa mpangilio ule ule waliotajwa sebuleni kwangu. Mimi nimepoteza mtu pekee ambaye sikuwahi kumshinda kwa bei, na dada yangu amepoteza zaidi ya hapo, sitamsemea. Jana Mzee Nalianya, ambaye sasa haoni, aliwaambia kaka za marehemu kwamba Wabukusu hawamziki huyu kama mkwe. Wanamzika kama mwana wa nyumba, na nafasi yake katika hesabu ya wana haitajazwa. Kaka zake wamekubali, kwa sharti kwamba nao wahesabiwe. Hatukujadili sana.

Tumlaze kwa amani.