Nani Aliyeangusha Watu Sita Njia ya Modika

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji. Bwana Mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli, Mzee Korane, ambaye pia ni mjomba wa mke wangu na kwa hiyo ni mkubwa wangu mara mbili. Mzee Peterson Mwiti tunayemuaga leo pamoja na mkewe, Bi. Gatwiri, wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu mliofuata harufu ya pilau: Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Naitwa Abdimalik Jama, mfamasia hapa mjini na katibu wa klabu. Habari za visima zimeshasemwa. Miaka ishirini na saba mzee huyu ametoboa ardhi kutoka Takaba hadi Tarbaj, na anayekunywa maji huko anajua jina lake. Mimi nimepewa dakika tano nizungumzie wiki moja tu, ile wiki ya Februari ambayo mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyeambiwa na daktari apunguze sukari, aliamua kupunguza na ngozi pia.

Nani alimwalika? Hakuna. Alikuja Jumatatu baada ya swala ya Alfajiri, akiwa na baiskeli ya mitumba na vile viatu vinavyojifunga kwenye pedali. Tuliporudi mjini akasimama penye akina mama wa maziwa ya ngamia, akasahau kwamba miguu imefungwa, akalala ubavu polepole kama mzigo unaoteleza juu ya punda. Sadia, muuza maziwa, akainama akamtazama.

"Mzee, umeanguka au umelala?"

"Nimelala, mama," akajibu akiwa bado chini. "Nipe maziwa ya kuamkia."

Jumanne aliingia kichwa mbele kwenye kichaka cha mathenge. Tulimchomoa miiba kumi na moja, na mingine siwezi kusema tuliitoa wapi mbele ya Bi. Gatwiri. Tulimcheka mpaka tukakosa pumzi, naye akacheka kutushinda, na kesho yake akaja tena. Je, ni wangapi humu ndani wangekuja tena?

Halafu ikafika Jumatano.

Sisi huendesha kwa mstari, gurudumu nyuma ya gurudumu, ili aliye mbele akukingie upepo. Tulikuwa tunatoka Modika, kasi kubwa, Mzee Mwiti mbele yangu, mimi nyuma yake, Mwenyekiti nyuma yangu, na wengine wanne wakifuata. Ghafla Mzee akayumba akatoka barabarani hadi mchangani, na sisi sita tukarundikana juu ya lami kama magunia. Mwenyekiti akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Mimi nikachubuka kiwiko, jambo ambalo nililalamikia kuliko yeye.

Hospitalini Mwenyekiti akiwa amefungwa mkono shingoni alipiga kelele, nami namnukuu kwa heshima zote: "Wewe Beterson, wewe ni mtu ya kuchimba maji! Kuanzia leo utakaa nyuma, mbali, beke yako!"

"Sawa, Mwenyekiti," akasema Mzee. "Niliyumba. Mnisamehe."

Alhamisi tukakaa kikao, tukampa adhabu hiyo rasmi, na mimi katibu nikaiandika kwa mkono wangu. Ijumaa tukapumzika. Jumamosi, ile safari kubwa ya kuvuka daraja hadi ng'ambo ya Madogo na kurudi, aliendesha peke yake nyuma yetu, upepo wote ukimpiga kifuani. Alifika dakika arobaini baada yetu. Akauliza tu, "Chai imebaki?"

Leo Mheshimiwa Mkurugenzi ametutania hapa kwamba Idara inampoteza mtu pekee aliyeweza kuangusha watu sita kwa mara moja. Ukumbi mzima umecheka. Nimemwangalia Bi. Gatwiri. Hakucheka.

Mzee, usinitikisie kichwa. Nitasema.

Mwenyekiti, nakuomba uendelee kukaa. Jumatano ile Mzee Mwiti hakuyumba. Aligongwa. Mke wangu Hani, yule pale, alikuwa amenitumia ujumbe, "Leta nyanya," nami nikatoa simu mfukoni nimjibu "sawa". Neno moja! Gurudumu langu likagusa lake la nyuma. Yeye akasukumwa nje, mimi nikaanguka, nanyi mkanipanda. Hakuna aliyeona, na kwa kuwa yeye alikuwa ameanguka Jumatatu na Jumanne, hakuna aliyeuliza.

Yeye alijua. Nilimfuata kwenye ukumbi wa hospitali nikamwambia, "Mzee, ngoja nikawaambie."

Akanijibu, "Utawaambia nini? Mimi baada ya wiki chache naenda zangu Nkubu. Wewe utabaki na hawa watu. Na Korane ni mjomba wa mke wako. Nyamaza, upone kiwiko."

Nami nikanyamaza. Wallahi, nilinyamaza vizuri sana. Nilimmiminia chai Jumamosi ile nikashindwa kumtazama, na bado nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu ninyi mlikuwa mnacheka pamoja nami.

Mwenyekiti, mfupa wako ni mimi. Wenzangu, kitabu cha mikutano ninacho hapa. Leo asubuhi nimekata jina lake kwa kalamu nyekundu na kuandika langu. Hani, nisamehe kwa kukutaja, na nyanya pia sikuleta.

Mzee Mwiti, kesho lori linabeba vitanda vyako, makabati yako na ile baiskeli. Uliamua kuondoka na lawama yangu ili mimi nikae hapa kwa raha. Nakuomba, mbele ya mkeo na mbele ya watu wote hawa, usiipakie. Iache hapa Garissa. Mwenyewe amejitokeza.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa nitashuka kwa mlango wa nyuma, na naomba mtu amshike Mwenyekiti kwa ule mkono mzima.