Mzee Kwato, Aliyewajua Ng'ombe Wake kwa Kiganja

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza, tutamwelezea marehemu kama alivyokuwa. Mwenyewe hakutaka kusifiwa kupita kiasi. Alisema sifa za kutia chumvi ni za madalali wa mnadani.

Alizaliwa asubuhi ya tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tano kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na josho la kuogeshea ng'ombe. Baba yake alikuwa mkamuaji. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kusimama kwa kushika mkia wa ndama, na ndama alipoondoka, ikabidi naye atembee. Jina la Kwato alipewa na dada zake kwa tabia yake ya kuingia ndani na matope miguuni, likamganda mpaka uzeeni.

Alianza shule mwaka 1956 na kumaliza darasa la nane mwaka 1963. Siku moja waliambiwa waandike insha kuhusu rafiki, naye akajaza kurasa mbili akimwelezea mtamba mweusi, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa pale nyumbani. Mwalimu alimpa alama kumi na nane kwa ishirini, kisha akamwita mbele.

"Insha nzuri, lakini rafiki ni mtu."

"Mwalimu, huyu hajawahi kunisengenya."

Alichapwa viboko viwili, na hadi uzeeni alishikilia kwamba hoja yake haikujibiwa.

Januari 1964 aliajiriwa katika ranchi kubwa, kazi yake kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Alidumu miaka kumi na mmoja. Mwaka 1975 aliondoka na mitamba wanne, akakodi malisho upande wa pili wa barabara na kuanza kufuga kivyake. Kundi likakua taratibu, kiangazi kikilipunguza na mvua ikilirudisha. Hakumpiga ng'ombe wala mtoto. Siku za wazazi shuleni alifika zote, buti zikiwa na samadi, na watoto wake wakijitahidi kutazama kwingine mpaka alipowaita kwa sauti ya malishoni.

Mwaka huohuo wa 1975 alikwenda kuposa, amevaa koti la kuazima. Alikuta baba wa binti yuko zizini, ng'ombe ameshindwa kuzaa, ndama ametanguliza matako. Mgeni alivua koti, akakunja mikono ya shati, akamtoa ndama mzima. Mzee alimtazama alivyotapakaa damu, akasema, "Hata binti akikataa, wewe uwe unakuja tu." Binti hakukataa. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu. Hata hivyo mama wa watoto hao alisema wazi kwamba ameolewa uke wenza na wenye pembe, akaapa kutotia mguu zizini. Kiapo hicho alikitunza miaka arobaini.

Mwaka 2015 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Miaka miwili baadaye, daktari wa mifugo alichuchumaa kukagua kwato za ng'ombe, amevaa kofia ya sufu. Marehemu akaipapasa kofia ile, akasema, "Huyu manyoya yake mazuri, analishwa vizuri." Watu walicheka, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Mkewe, aliyekuwa nje ya uzio, hakucheka.

Jioni alimuuliza, "Baba watoto, huoni?"

"Naona giza tu, mama. Lakini usiwaambie watoto. Wakijua watauza ng'ombe, na mimi nitakuwa sina cha kuamkia."

Mama hakumwambia mtu. Kesho yake alivaa buti za mumewe, zilizompwaya, akaingia zizini. Kila asubuhi alitembea kando yake akimweleza nani anachechemea na nani hajala, huku akilalamika juu ya harufu.

Lakini siri haidumu. Agosti 2019 watoto waliitisha kikao palepale zizini. Kifunguamimba, fundi umeme, alisema kwa upole, "Baba, tunakuhurumia. Bora tuwauze upumzike."

"Nileteeni yeyote," baba alijibu.

Walimletea kumi na wawili, mmoja mmoja. Aliweka kiganja mgongoni, akamtaja kila mmoja, mama yake, na mwaka aliozaliwa. Kwa wa kumi na tatu alipapasa mara mbili, akatikisa kichwa. Fundi umeme akashusha pumzi. "Huyu si wetu," baba akasema. "Mrudisheni kwa jirani kabla hatujaitwa wezi." Na kweli, alikuwa amepenya uzio asubuhi ile. Kikao kikavunjika kwa vicheko.

Moyoni mwake, hata hivyo, hofu ilibaki: akiondoka yeye, ng'ombe watabaki na nani? Mwezi uliopita figo zilipochoka, akalazwa, alimuuliza mkewe swali hilo kila siku. Tarehe 3 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mama alifika wodini akiwa amechelewa.

"Kulikuwa na mnunuzi langoni," alisema. "Nimemfukuza. Na wewe acha kuniuliza. Ng'ombe ni wangu."

Marehemu alicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini. Kisha akasema, "Basi nalala." Akalala. Saa nne na robo akafariki.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane na ng'ombe mia moja na kumi na wawili. Mjane anaomba radhi mapema: saa kumi atawaacha wageni, kwa kuwa leo ni siku ya kuogesha ng'ombe.

Pumzika kwa amani, Mzee Kwato. Ng'ombe wana mwenyewe.